Maumivu Sugu na Wauzaji wa Uponyaji: Tuwalindeje Wazee Wetu?

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na Dawati la Afya katika mkutano wa wajumbe wa kamati za parokia. Tunaichapa karibu yote kama ilivyosomwa, kwa kuwa wajumbe kadhaa waliiomba ili wakaisome kwenye jumuiya zao.



Tunawashukuru kwa kutupatia saa hii baada ya chakula cha mchana, saa ambayo tunajua usingizi ni mtamu kuliko hotuba. Tumeombwa tuzungumzie afya ya wazee. Tungeweza kuwasomea taarifa ya robo mwaka, yaani idadi ya wazee waliotembelewa majumbani na vyandarua vilivyogawiwa. Taarifa hiyo mnayo ndani ya makabrasha yenu na tunaomba muisome. Leo tumechagua kusema jambo moja ambalo halimo kwenye taarifa, kwa sababu tuliona haya kuliandika.

Mwaka juzi, katika parokia mojawapo tunayofanya nayo kazi, alifika bwana mmoja mwenye suti, kompyuta ndogo na sanduku la bati. Aliiomba kamati ukumbi kwa ajili ya kile alichokiita semina ya afya bila malipo. Kamati ikafanya jambo la busara, ikatuuliza sisi wa Dawati la Afya. Sisi tukajibu kwa simu, bila kumwona mtu mwenyewe wala kuuliza anauza nini, kwamba hatuoni ubaya. Bwana yule akalipia ukumbi shilingi 50,000, akaongeza mifuko mitano ya saruji kwa ajili ya choo cha shule ya chekechea. Jumapili ile alitambulishwa mbele ya waamini na akapigiwa makofi. Mmoja wetu alikuwepo, na yeye pia alipiga makofi.

Semina ilianza mara baada ya Misa. Kila aliyetaka alishikishwa fimbo fupi ya chuma iliyounganishwa na kompyuta. Baada ya dakika moja mashine ilitoa kurasa kadhaa zenye michoro ya rangi, ikieleza hali ya moyo, ini, figo, mifupa na hata akili. Watu walistaajabu. Hospitali ya wilaya kipimo kimoja unakisubiri kutwa nzima, na hapa mwili mzima umepimwa bila kuchomwa sindano! Baadaye tulizikusanya karatasi kumi na moja kutoka kwa wazee na kuzilinganisha. Zote kumi na moja zilisema damu ina uchafu, figo zimechoka na viungo vimekaukiwa. Hakuna kifaa kinachoweza kujua hali ya ini lako au figo zako kwa wewe kushika fimbo kiganjani. Kwa figo na ini lazima damu au mkojo vipelekwe maabara. Lakini siku ile hakuna aliyesimama kusema hivyo.

Dawa yake ilikuwa unga wa rangi ya udongo, kwenye pakiti zilizochapwa picha ya majani. Pakiti ya wiki mbili iliuzwa shilingi 30,000. Alisema ni mizizi mitupu, haina kemikali, inatibu magoti, mgongo, ganzi, baridi yabisi, presha, sukari na nguvu za kiume.

Sasa tuje kwa bibi mmoja wa kigango cha milimani. Ni mjane, na magoti yalikuwa yamemsumbua kwa miaka saba. Alikuwa hafiki kanisani ila kwa kubebwa kwenye pikipiki, na kwa nauli hiyo akawa anakuja mara moja kwa mwezi. Alinunua pakiti moja. Siku ya nne aliteremka mlima kwa miguu yake. Jumapili iliyofuata alitoa ushuhuda mbele ya altare, akapiga magoti na kuinuka bila kushikwa mkono, na kanisa zima likashangilia kwa vigelegele. Wiki ile unga uliisha kwenye sanduku.

Ndugu zetu, tunaomba mlizingatie hili: bibi yule hakusema uongo. Magoti yake yalikuwa yametulia kweli.

Aliendelea kutumia kwa miezi minane. Uso wake ukawa wa mviringo na mashavu yakajaa, tukasema amenawiri. Aliuza mbuzi wawili, kisha akakodisha nusu ya shamba lake. Akaanza kunywa maji mengi na kuamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, tukasema ni uzee. Halafu simu ya muuzaji ikawa haipatikani, na pakiti zikaisha. Siku chache baadaye bibi akaishiwa nguvu, akatapika, na alipojaribu kusimama akaanguka karibu na mafiga. Jirani mwenye pikapu akamkimbiza hospitali. Daktari aliyempokea alimtazama uso, akatazama ngozi ya mikono iliyokuwa nyembamba kama karatasi na yenye alama za damu kuvilia, na swali lake la kwanza likawa: “Bibi, umekuwa ukitumia dawa gani ya viungo?” Alikuwa ameshaona wengine.

Haukubaki hata unga wa kijiko kimoja wa kupeleka maabara, kwa hiyo daktari alihukumu kwa dalili na vipimo. Alituambia kwamba bibi alikuwa amekula kwa miezi mingi dawa za jamii ya steroidi, kama vile deksamethazoni au prednisoloni. Hizi ni dawa halali kabisa za hospitali, za bei ndogo, na zinaokoa maisha zikitumiwa na anayezijua. Zinazima uvimbe upesi mno, hata mtu mwenye baridi yabisi aliyelala kitandani akainuka ndani ya siku chache. Ndiyo maana anayetaka sifa ya mganga huzisaga na kuzichanganya na mizizi.

Tueleze kidogo zinavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo hatari ilipo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya jamii hiyo hiyo, ambayo mwili unaihitaji kila siku ili uweze kuhimili ugonjwa, njaa na uchovu. Homoni hiyo ikiingia kwa wingi kutoka nje, tezi hulala, mithili ya mpishi anayeona chakula kinaletwa kila siku kutoka hotelini, akaacha kuwasha jiko. Ukikatisha dawa ghafla baada ya miezi, tezi haiamki siku hiyo hiyo. Presha inashuka, nguvu zinaisha, na mtu anaweza kufa. Hospitalini dozi hupunguzwa kidogo kidogo. Muuzaji hawezi kukueleza hivyo, maana alishasema ni mizizi mitupu. Huko nyuma, wakati mgonjwa anajiona amepona, dawa hiyo inapandisha sukari na presha, inaidhoofisha mifupa hadi inavunjika kwa kuanguka kidogo, inaleta mtoto wa jicho, na inapunguza kinga ya mwili kiasi kwamba kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuamka.

Bibi alipona kwa maana ya kutokufa. Leo anameza vidonge vya sukari, na magoti yanamuuma kama zamani. Ukumbi ulikuwa wetu, na ruhusa ilitoka kwetu.

Msidhani kuwa jambo hili ni la vijijini kwetu tu, kwa watu wasiosoma. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo zaidi ya mara moja juu ya vidonge vilivyoitwa Artri King na Artri Ajo King, vilivyokuwa vikiuzwa madukani na kwenye intaneti kama virutubisho vya viungo. Maabara zilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethazoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Mamlaka hiyo ilieleza kwamba imepokea taarifa za watu walioumia ini, waliolala tezi, na hata waliofariki. Diklofenaki nayo si ya kuchezea. Ikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi inachubua tumbo hadi linatoka damu, na inaharibu figo. Kwa hiyo mtu wa Texas mwenye gari na kompyuta alinunua kitu kile kile alichonunua bibi wa milimani.

Wajumbe wengi wametuuliza: kama baadhi ya vitu hivi havina chochote ndani, mbona watu wanapata nafuu? Tulipokuwa tunatafuta jibu tulikutana na kisa cha zamani ambacho kimetusaidia sana, na tunaomba uvumilivu wenu tukisimulie.

Mwaka 1796 tabibu mmoja wa Connecticut, Marekani, jina lake Elisha Perkins, alipata hati ya serikali ya kumiliki uvumbuzi wake. Ulikuwa ni vijiti viwili vya chuma, urefu wa inchi tatu hivi, vyenye ncha. Alisema vimetengenezwa kwa mchanganyiko maalumu wa madini, na kwamba ukivipitisha juu ya ngozi mahali panapouma vinavuta maumivu nje. Chama cha madaktari wa Connecticut kilimfukuza mwaka 1797, lakini vijiti viliendelea kununuliwa. Mwanawe akavipeleka London na kuviuza kwa gini tano jozi moja, fedha ambayo mtu wa kawaida hakuwa nayo. Ushuhuda ukamiminika, kutoka kwa wasomi na hata kutoka kwa watumishi wa Mungu.

Katika mji wa Bath, Uingereza, ambao watu wenye baridi yabisi walikuwa wakiuendea ili kuoga maji ya moto yatokayo ardhini, alikuwako daktari John Haygarth. Badala ya kubishana magazetini, alimwita fundi akatengeneza vijiti vya mti, akavipaka rangi vifanane na vile vya chuma. Mwezi Januari 1799, yeye na mwenzake walivitumia kwa wagonjwa watano wa hospitali waliokuwa na maumivu sugu ya viungo. Wanne kati ya watano walisema wamepata nafuu. Mmoja alisikia joto gotini na akatembea vizuri zaidi. Kesho yake wakatumia vijiti halisi vya madini. Matokeo yakawa yale yale.

Hakumtukana mgonjwa hata mmoja. Alithibitisha kwamba nafuu ilikuwepo na kwamba haikutoka kwenye madini. Ilitoka kwenye matumaini, kwenye kushikwa na kusikilizwa, na kwenye kuona watu wamekuzunguka wakikuangalia. Maumivu yanapita kwenye ubongo, na ubongo unaweza kuyapunguza kwa muda. Lakini hauwezi kuirudisha gegedu iliyokwisha gotini, wala kuondoa uvimbe wa saratani. Perkins mwenyewe alikwenda New York mwaka huo huo wa 1799 kutibu homa ya manjano kwa dawa yake nyingine, akaambukizwa, akafa. Sisi tunaamini aliyaamini aliyoyasema. Hilo nalo tulitafakari: si kila anayepotosha ni mwizi.

Kuna sababu ya pili, nayo inaeleweka kwa mkulima yeyote. Maumivu ya mgongo na ya viungo hupanda na kushuka yenyewe. Hakuna mtu anayetumia shilingi 30,000 siku anayojisikia vizuri. Anazitumia siku amezidiwa. Ni kama kumwita mwita-mvua mwezi wa Novemba, ardhi ikiwa imepasuka na mawingu yameanza kujikusanya upande wa mlima. Akichinja kuku leo, na mvua ikanyesha Alhamisi, nani atakayemwambia kwamba ingenyesha tu? Goti lililofikia kilele cha maumivu mara nyingi litashuka wiki inayofuata, na chochote ulichokunywa wiki ile kitachukua sifa.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa makubwa: UKIMWI, saratani, kisukari, pumu, presha. Foleni za magari zikafika kilomita nyingi porini, watu wakitoka Kenya, Uganda na mbali zaidi, na viongozi wa serikali wakiwa ndani ya foleni hizo. Tunadhani hata ndani ya ukumbi huu wamo waliokunywa, na hatutaomba mnyooshe mikono. Mwezi Machi mwaka ule vyombo vya habari viliripoti kuwa watu zaidi ya 50 wamefariki wakisubiri, na wengine walikuwa wametolewa wodini na ndugu zao. Zilikuwepo pia taarifa za wagonjwa walioacha dawa za ARV.

Babu alifariki mwaka 2021, na hatumtaji ili kumsema marehemu. Tunataja kwa sababu kisa kile hakifanani na cha bwana mwenye suti. Shilingi 500 si bei ya tapeli. Waliovuna ni wenye magari, maana nauli zilipanda mara nyingi. Kulikuwa na unyenyekevu, kulikuwa na sala. Na bado hapakuwa na mtu mwenye daftari lenye majina ya waliokunywa, vipimo vyao kabla na vipimo vyao baada ya miezi sita. Waliojisikia nafuu walirudi kusimulia, na waliokufa majumbani kwao hawakuwa na njia ya kurudi. Sisi tuliozoea kutunza hesabu za kila mfuko wa mbegu hatukuuliza daftari liko wapi.

Sasa tuseme linalotuuma zaidi. Tulipoanza kuwatembelea wazee wenye maumivu na kuwauliza kwa nini walinunua, tulitegemea watuambie walidanganywa. Wengi hawakusema hivyo. Walituambia kwamba walikwenda zahanati, wakasubiri tangu asubuhi, wakaingia kwa mhudumu ambaye hakuinua uso kutoka kwenye karatasi, wakaambiwa “ni uzee tu, mama”, wakapewa vidonge kumi. Bwana mwenye kompyuta aliwakalisha, akauliza maumivu yalianza lini, kama usiku wanalala, nani anawachotea maji. Alimsikiliza bibi kwa nusu saa. Bibi mwenyewe, hata baada ya yote, alituambia: “Yule kijana alinisikiliza.” Hatukuwa na jibu.

Katika Injili ya Marko, sura ya tano, tunasoma habari za mama aliyeugua kwa miaka kumi na miwili na kumaliza mali yake yote kwa waganga bila kupata nafuu. Tunaisoma kila mwaka, na mahubiri huwa juu ya imani yake. Hatukumbuki kusikia mahubiri juu ya ile mali iliyokwisha.

Hatusemi kwamba mitishamba ni uchawi au uongo. Mofini inatokana na mmea. Dawa ya malaria ya jamii ya artemisinini ilitoka kwenye mmea uliotumika China tangu zamani, na Bibi Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mmea ule ulipimwa, na dozi yake ikajulikana. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga na dawa zao; tunayo pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua jina hilo mwaka 2019 badala ya TFDA. Mganga halali ana cheti na anakubali kuulizwa. Anayekasirika akiulizwa dawa yake ina nini, anayesema dawa moja inatibu magoti na sukari na nguvu za kiume, na hasa anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya hospitali, huyo asipewe hata kiti. Tungeongeza dalili moja ambayo bibi mwenyewe alituonyesha: dawa ya mizizi inayofanya kazi ndani ya siku tatu kuliko ya hospitali, na ukiikosa unazidiwa kuliko mwanzo, ina kidonge ndani yake.

Na kama yupo mtu kwenye jumuiya yenu ambaye ametumia unga wa namna hiyo kwa wiki nyingi, tafadhali msikimbilie kumnyang'anya. Kumkatisha ghafla kunaweza kumuua. Mpelekeni hospitali akiwa na pakiti mkononi, daktari aione.

Basi mzee mwenye maumivu afanye nini? Jibu letu si la kustaajabisha na halina ushuhuda wa siku nne. Goti lililolika kwa umri linasaidiwa na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, yanayofanywa kila siku ukiwa umekaa kwenye kiti, na kwa kupunguza uzito pale ulipozidi. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili, si upande wa goti bovu. Karibu wazee wote tuliowatembelea walikuwa wanaishika upande usiofaa, na kusahihisha hilo hakugharimu hata senti. Mgongo wa kawaida unapona kwa kuendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi kuliko kulala. Viungo vinavyovimba asubuhi na kukaza, hasa vya vidole, vinahitaji daktari mapema, kwa kuwa baridi yabisi ya kweli ina dawa za kuizuia isiharibu mikono. Watoto wenye selimundu wanayo dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu. Na kwa maumivu ya saratani ipo mofini ya kunywa. Wenzetu wa Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, walibadilisha kanuni mwaka 2004 ili wauguzi na maofisa tabibu waliopewa mafunzo maalumu waweze kuiandika, na mgonjwa akaipata nyumbani kwake kijijini. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku ndiye mteja mnono kuliko wote kwa wauza uponyaji. Akilala usingizi, muuzaji amekosa mteja.

Tuna neno moja kwa wafadhili wetu, na tunalisema kwa heshima na kwa upendo. Miaka michache iliyopita tulipokea katoni ya bangili za shaba na za sumaku, zilizochangwa kwa moyo safi na marafiki waliosikia kwamba wazee wetu wanaumwa viungo. Tukazigawa, na tukawapigia picha wazee wakizivaa. Baadaye tulisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha mwaka 2013 jaribio la wagonjwa 70 wenye baridi yabisi. Kila mmoja alivaa kwa zamu bangili za aina nne, nyingine halisi na nyingine za kuigiza, kwa muda wa miezi mitano. Bangili halisi hazikuonyesha faida kuliko za kuigiza. Ni vijiti vya Haygarth vile vile, baada ya miaka zaidi ya 200. Kwa hiyo hata sisi, bila kumtoza mtu fedha, tuliwahi kupeleka uponyaji wa uongo mlimani, na safari ile hapakuwa na bwana mwenye suti wa kulaumiwa.

Tunaomba fedha ya bangili na ya virutubisho igeuzwe iwe posho na nauli ya mtaalamu wa tiba ya viungo, atembelee kila parokia walau mara moja kwa mwezi, akae na wazee kwa muda, awasikilize, awafundishe mazoezi na kuwapeleka hospitali wanaostahili. Hakutakuwa na picha nzuri ya kuwatumia. Mzee anayenyoosha mguu kwenye kiti hapendezi kwenye kalenda.

Kwa kamati za parokia ombi letu ni moja. Ukumbi wa parokia usitolewe tena kwa mtu yeyote anayeuza au kupima afya mpaka Dawati la Afya limwone ana kwa ana, likague cheti chake na dawa yake, na liandike barua yenye sahihi. Simu haitoshi, tumejifunza. Tunajua baadhi ya kamati zinategemea kodi ya ukumbi kulipa umeme, na kwamba mifuko mitano ya saruji si kitu kidogo. Choo kile cha chekechea kimekamilika na watoto wanakitumia. Tulimuuliza bibi kama angependa tukirudishie gharama kwa jina lake, akacheka, akasema watoto wajisaidie tu, ila yeye anadai mbuzi wawili.

Mbuzi mmoja tumeshamnunulia, kwa michango ya watumishi wa Dawati wenyewe na si kwa fedha ya mradi. Wa pili tunatarajia kabla ya Pasaka.

Fomu ya maombi ya ukumbi tumeichapa, ina ukurasa mmoja, nakala ziko mezani karibu na mlango. Tunaomba kila mwenyekiti achukue mbili kabla ya chai.